Mzigo wa Kutoka Pwani

SEHEMU YA KWANZA

Mhadhiri aliiweka picha ukutani akatuuliza: huyu amekufa au yu hai?

Kasa alikuwa amelala mchangani, shingo imelegea, macho yamefumba, wavu bado umemkaba begani. Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba amekufa.

"Basi mngemzika mzima," akasema.

Akatueleza taratibu. Kasa si samaki, ana mapafu. Akinaswa wavuni chini ya maji hawezi kupanda juu kuvuta hewa, na mwishowe huzirai. Moyo unapiga polepole mno hata ukiweka sikio husikii kitu. Mguse kidogo pembeni mwa jicho, kisha karibu na mkia. Akisisimka hata chembe, yu hai. Mlaze kifudifudi, sehemu ya nyuma iinuke ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa chenye unyevu, pua ziwe wazi, halafu ungoje. Wengine huzinduka baada ya muda mfupi, wengine huchukua hata saa 24. Kumtupa baharini kabla hajapata nguvu ni kumzamisha kwa mikono yako mwenyewe.

Yote haya tuliyasikia Upper Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali ambapo kwa kawaida mazungumzo ni ya kiwele, kwato na ndigana. Wenzangu walikuwa wamepata nafasi zao za mafunzo ya kazi: wengine vyama vya ushirika vya maziwa, wengine vichinjio vya Dagoretti, wengine kliniki za mbwa na paka Karen na Lavington. Mimi niliomba Watamu, kwa shirika la Local Ocean Conservation, ambalo limekuwa likiwalinda kasa tangu 1997. Huko mvuvi akimkuta kasa wavuni mwake hupiga simu. Kasa anachukuliwa, anapimwa, anawekwa alama. Mwenye afya anarudishwa baharini, mgonjwa analazwa. Wapo wanaolazwa kwa kuelea tu: plastiki imeziba utumbo, gesi imejaa tumboni, mnyama anashindwa kupiga mbizi kutafuta chakula na jua linamchoma gamba mchana kutwa. Nilipoyasoma hayo nililia, sioni haya kusema.

Tulipokuwa tukitoka darasani simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Daktari mwanafunzi? Tunapiga kutoka Watamu. Upepo wa kusi umechafua bahari na simu za wavuvi zimekuwa nyingi. Badala ya Jumatatu, unaweza kufika Jumamosi asubuhi?"

Ilikuwa Alhamisi. Nikasema naweza. Baba yangu, kule Kinangop, alikuwa bado anaamini kwamba ninaenda kwenye kiwanda cha maziwa.

* * *

"Ng'ombe wamejaa hapa wanakungoja, wewe unafuata bahari," Baba alisema, na simu ikakaa kimya muda mrefu. "Nauli sina."

Aliyeniokoa ni Shangazi. Ninakaa kwake Uthiru tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na sijawahi kulala njaa chini ya paa lake. Ana pumu. Julai ya Nairobi, ile baridi inayoshuka kutoka upande wa Kikuyu, humnyima usingizi. Usiku huo alikuwa ameketi kitandani akiwa wima, shuka mabegani, kifua kikipiga mluzi. Inhela yake ilikuwa imekwisha tangu juzi.

"Kesho asubuhi nitakununulia nyingine, Shangazi."

"Usihangaike na mimi. Yule mwenzangu wa chama amenipatia dawa ya kweli, si hizi za kupuliza." Akachukua simu, akanitumia nauli kwa M-Pesa na elfu moja juu yake. "Nenda, mama. Baba yako nitaongea naye, ni ndugu yangu."

Nilimshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Kesho ukiwa mjini..." akaanza, kisha akasita. "La, acha. Nitamtuma kijana wa boda achukue mzigo."

"Mzigo gani?"

"Dawa tu. Zima taa ulale."

* * *

Ijumaa jioni matatu ya Uthiru ilitambaa Waiyaki Way, ikapita Kangemi, ikakwama Westlands chini ya barabara kuu ya juu, na nikashuka Odeon saa kumi na mbili na nusu. Nikakata kwa miguu hadi River Road, begi mgongoni, katikati ya mikokoteni na makondakta wanaoita abiria. Basi langu lilikuwa liondoke saa mbili kamili. Ndani ya ofisi ya mabasi kuna chumba cha mizigo, na abiria tulikuwa tumepewa benchi humo humo, kati ya magunia ya maembe na madebe ya samaki wakavu.

Gunia moja lilikuwa limewekwa pembeni, chini limelowa. Juu yake kibandiko cha karatasi ya kaki, maandishi ya kalamu nene: NAZI. UTHIRU. Na namba ya simu.

Nazi hazipumui. Lile gunia liliinuka kidogo, likatoa sauti ya hewa iliyobanwa muda mrefu, likashuka tena.

Nilifungua kamba kabla sijafikiri. Kichwa kilitokea kwanza, kimepakwa mchanga na nyuzi za katani. Kati ya macho jozi moja ya magamba marefu, na ubavuni vipande vinne kila upande: kasa wa kijani, mchanga bado, gamba lisilozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mapezi ya mbele yalikuwa yametobolewa na kufungwa pamoja kwa waya. Machozi mazito yalimtiririka, yale ambayo kasa hutoa ili kuondoa chumvi mwilini, lakini jioni ile niliyaona kuwa machozi.

"Daktari, huo si mzigo wako!" Karani alikuwa ameisoma fulana yangu ya kitivo. Kijana mmoja alikwisha chukua ndoo. "Mtie majini, atapona!"

"Asitiwe ndoo. Hana nguvu ya kuinua kichwa, atazama."

Nilitoa kanga iliyokuwa begini, nikailowesha, nikamfunika gamba, nikaacha pua wazi. Nikakata waya kwa mkasi wa karani. Tairi kuukuu la gari likapatikana, tukamlaza juu yake, kifua kisigandamizwe na sakafu. Nilimgusa pembeni mwa jicho. Kope ikatetemeka, polepole.

Niliipigia simu KWS, shirika la wanyamapori. Walikuwa wakitoka makao makuu, Lang'ata Road, na Ijumaa jioni hiyo si safari fupi.

"Mnahangaikia nini?" karani akasema. "Mafuta yake ni dawa ya pumu, mtu yeyote wa Pwani atakwambia. Na nyama ni tamu."

"Kaka, Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Hospitali haina dawa ya kuiondoa."

Karani akanyamaza. Nje, honi ya basi ikalia. Utingo akaanza kuita majina ya abiria wa Malindi, na la kwanza lilikuwa langu.

Sikuinuka. Nilitaka kumjua mwenye mzigo. Nikaanza kuandika ile namba ya kibandiko kwenye simu yangu, tarakimu moja moja, na nilipofika ya saba simu ikanikamilishia yenyewe. Jina likatokea juu ya kioo.

Shangazi.

Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Mlangoni wakaingia watu wawili karibu kwa wakati mmoja. Wa mbele alikuwa afisa wa KWS aliyevaa sare, daftari mkononi. Nyuma yake, kofia ya pikipiki kwapani, alikuwa kijana wa boda anayenipeleka barabarani kila asubuhi nikitoka kwa Shangazi.

"Mwenye mzigo huu ni nani?" afisa akauliza.

Kijana wa boda hakumwangalia. Alinijia mbio, akanishika mkono.

"Dada, afadhali nimekukuta. Mama hapokei simu tena. Ile nyama ya mzigo wa Jumatano aliila jana usiku, na tangu saa nane mchana anatapika. Nimemwacha sakafuni, ulimi umekuwa mzito, hawezi kusema."

Itaendelea Jumamosi ijayo. Msomaji, usikose sehemu ya pili.