John Pople: Profesa aliyefungiwa nje ya programu yake mwenyewe

Ukiwauliza watengenezaji programu wakutajie programu zilizobadilisha sayansi, ni wachache watakaotaja Gaussian. Lakini wanakemia wanaijua vizuri sana. Aliyeianzisha, John Pople, alikuwa profesa wa kemia ya nadharia, yaani kemia ya kalamu, hesabu na tarakilishi badala ya chupa na moto. Kisa chake kinatuhusu sisi tunaoandika programu kuliko unavyodhani.

Pople alizaliwa Somerset, Uingereza, mwaka 1925. Hakusomea kemia. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1951. Mwaka 1964 alihamia Pittsburgh, Marekani, kufundisha katika chuo ambacho leo kinaitwa Carnegie Mellon. Huko ndiko alikofanya kazi yake kubwa.

Tatizo lilikuwa hivi. Tangu mwaka 1926 tunao mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza tabia ya elektroni. Kwa atomu ya haidrojeni, yenye elektroni moja, unapata jibu kamili kwa karatasi na kalamu. Ongeza elektroni ya pili tu na mambo yanaharibika, kwa sababu kila elektroni inaisukuma mwenzake. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10! Hapo huna budi kukadiria, na makadirio mazuri yanadai mamilioni ya hesabu.

Ujanja ulitoka kwa Frank Boys wa Cambridge mwaka 1950: badala ya kutumia umbo halisi la wingu la elektroni, tumia fomula ya Gauss, ile yenye mchoro kama kengele. Umbo hilo si sahihi sana, lakini ukizidisha kengele mbili unapata kengele nyingine, na hesabu inakuwa nyepesi. Mwaka 1969 Pople na wenzake walichapisha njia iitwayo STO-3G, ambapo kengele tatu zinaunganishwa kuiga umbo halisi. Kila msanidi programu anaujua mtindo huu: punguza usahihi kidogo, upate kasi kubwa.

Mwaka 1970 wakatoa Gaussian 70. Ilisambazwa kupitia kituo cha kubadilishana programu za kemia kilichokuwa Chuo Kikuu cha Indiana, na mwanakemia yeyote angeweza kuagiza nakala. Sasa hata mtu asiyekuwa bingwa wa hisabati aliweza kukadiria umbo na nishati ya molekuli kabla ya kuingia maabara.

Mwaka 1987 programu ikawa mali ya kampuni, Gaussian, Inc. Baadaye Pople alitengana nayo, akajiunga na Q-Chem, kampuni shindani iliyoanzishwa mwaka 1993 na watu waliowahi kufanya kazi chini yake. Leseni ya Gaussian ilikataza washindani kuitumia. Basi Pople, ambaye mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Walter Kohn, akawa miongoni mwa waliofungiwa nje ya programu aliyoianzisha! Alifariki mwaka 2004.

Kampuni ina haki ya kulinda biashara yake. Waandishi wa programu pia wanakula. Lakini sayansi husimama kwa kukaguliwa. Kama huruhusiwi kuendesha programu ya mwenzako na kulinganisha majibu, utajuaje nani amekosea?

Kilichomwokoa Pople ni makala zake. Msimbo ulifungwa, lakini hesabu zilikuwa zimechapishwa majaridani, na yeyote aliyetaka angeweza kuziandikia programu upya. Ndivyo walivyofanya wengi, wakiwemo waandishi wa programu huria za kemia.

Kwa hivyo, ndugu msanidi, mkianza mradi na marafiki, someni leseni mapema, wakati bado mnapendana.