Ukaa, Amana na Ngoro

Kaa, mkaa, makaa, ukaa. Shina ni moja, kazi ni ya viambishi. Kaa la moto ndilo mtoto anatumwa kuliomba kwa jirani. Mkaa umo guniani kando ya barabara wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilaya ileile. Na ukaa, kwa u- ya vitu visivyohesabika kama unga na udongo, ni dutu yenyewe iliyomo katika vyote hivyo. Aliyelibuni neno hili ananidai kahawa ya Umatengoni, kwa Wamatengo wa Mbinga.

Wapo wanaoshikilia “kaboni” kwa hoja kwamba ndilo la kisayansi. Lakini carbo ya Kilatini ni makaa hayahaya. Walatini walichota jikoni kwao. Sisi tuna haja gani ya kuomba kaa kwa jirani na mafiga yetu yanawaka? Kanuni za serikali za mwaka 2022 zinasema biashara ya kaboni, na kituo cha taifa kinachofuatilia hesabu hizo, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, nacho ni cha kaboni. Magazeti husema hewa ukaa. Mimi niko upande wa magazeti, ila si mzima mzima.

Kinachonikwaza ni hiyo “hewa”. Tangu uhakiki wa watumishi wa mwaka 2016, Mtanzania akisikia mfanyakazi hewa anajua ni jina lisilo na mtu. Sasa nenda kijiji kinachopakana na Pori la Akiba la Liparamba, waambie watu kuna biashara ya hewa ukaa. Watakutazama usoni kwanza. Tena kinachouzwa si hewa hata kidogo. Ni ukaa uliotulia ndani ya miti ya miombo: mpimaji anazungusha tepu kwenye shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, anaandika, anahamia mti wa pili. Setilaiti nayo hutazama kutoka juu kama msitu bado umesimama.

Basi tuseme amana ya ukaa. Amana ni mali uliyokabidhiwa uitunze, na kuila ni hiana. Neno linambana mtunza msitu asikate, na linambana anayefaidi utunzaji huo alipe. “Biashara” haimbani mtu. Inaishia kwenye bei.

Makaa ya mawe nayaacha yalivyo, ingawa jina lina mzaha wake. Mkaa umekwisha kupita motoni. Haya ya Ngaka, yanayopakiwa kwenye malori hadi bandari ya Mtwara, hayajauona moto bado. Yalikuwa mimea, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Siwezi kuuacha “uzalishaji wa hewa ukaa”. Zalisha inatokana na zaa. Mkunga huzalisha, mkulima wa Mbinga huzalisha kahawa, na tunampongeza. Iweje bomba la moshi nalo lipewe heshima ya uzazi? “Utoaji” ni afadhali, japo umepooza. Mafusho tunayo, na kila aliyewahi kujifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka anayajua puani. Punguza mafusho: maneno mawili, yanaingia hata kwenye bango.

“Nishati mbadala” nayo inadhulumu. Mbadala hungoja chenyewe kikosekane. Tulila, kwenye mto Ruvuma, watawa wa Chipole wana mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5, uliowashwa mwaka 2015, wakati Songea ilikuwa bado inategemea jenereta za dizeli. Njia ya gridi kutoka Makambako ilifika 2018. Kati ya mto na dizeli, kipi kilikuwa mbadala wa kipi?

Jadidifu ni bora: jadidi ya Kiarabu imevishwa mkia wetu wa -ifu. Mkia huohuo umetupa jiko banifu, jiko linalobana matumizi ya kuni. Banifu ni silabi tatu, kitenzi cha nyumbani, na mama aliyeko Mbamba Bay hahitaji kutafsiriwa. Wahandisi wakituletea mashine ya kunasa ukaa hewani, wasihangaike: iitwe nasifu.

Linabaki “teknolojia”, neno linalotufanya tutazame uwanja wa ndege kila tukilisikia. Kwenye miteremko ya Umatengo nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kutupwa juu yake, yanabaki mashimo kama macho ya wavu. Maharage hupandwa kwenye matuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua inatuama shimoni badala ya kuchukua mlima, na nyasi zinaozea chini ya udongo. Hiyo ni ngoro, nayo ni teknolojia. Watafiti wa nje walikuja, wakaandika kwa Kiingereza, na neno wakaliacha lilivyo, kama walivyoliacha neno miombo.

Neno ngoro likiwa halimo kwenye kamusi yako, liandike pembeni kwa kalamu. Na wewe wa Litembo unayejua Wamatengo wanaliitaje tuta, shimo na ule mstari wa nyasi kabla haujafukiwa, tuletee majina hayo matatu.