Uongoaji wa Hori

Hori ni mkono wa bahari ulioingia barani, ukijaa na kupwa pamoja nayo. Kijito ni kingine: maji yake ni matamu, nayo huteremka tu. Anayeliita hori la Mida au la Tudor, pwani ya Kenya, kijito humpeleka msomaji kusiko.

Kazi ya kulitengeneza hori lililoharibika huitwa zaidi urejeshaji. Neno hili linaeleweka, lakini humfanya mtu aulize arejeshe nini, na jibu la haraka huwa ni miti. Vipando vya mkoko huchomekwa hata kwenye tope la chini mno, lililofunikwa na maji muda mrefu, vikafa. Mimi nachagua uongoaji, neno linalotumika Tanzania kwa ardhi iliyoharibika. Kuongoa ni kukiweka kitu kwenye njia yake.

Na hori aghalabu huharibika kwa kuzibiwa njia. Tuta la bwawa la chumvi, au barabara isiyo na kalavati, huzuia hata maji ya bamvua. Udongo nyuma yake hukauka, chumvi hukolea, mchu na mkandaa hufa ikiwa imesimama. Kupanda hapo ni kuangamiza miche. Mwongoaji hubomoa tuta, hufukua mkondo, kisha hupima kimo cha udongo kwa kukilinganisha na mikoko hai ya jirani, kwa kuwa mlilana huvumilia kufunikwa kila siku ilhali mchu wa upande wa bara hungoja bamvua. Huko Florida, Marekani, mwanaikolojia Robin Lewis aliondoa kifusi katika West Lake Park, akachimba mikondo ya kuingiza maji, na mbegu zilizoletwa na bahari zikaota zenyewe. Hilo ndilo hori lililoongoka.

Wanyama hufuata maji hayohayo. Kamba wachanga na samaki huingia yanapojaa. Kaa huchimba mashimo yanayopitisha hewa topeni. Mkondo ukibaki umezibwa, mikoko iliyopandwa haiwafai kitu, maana hawana pa kupitia.

Upandaji una mahali pake, hasa pale maji yanapofika lakini miti mama imekwisha. Huko Gazi, Kwale, nchini Kenya, mikoko ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Upandaji ulianza mwaka 1991, na tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaulinda msitu wao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa.