Skuli ya Malting House na Maswali ya Watoto Wadogo

Katika mji wa Cambridge nchini Uingereza, karibu na mto Cam, ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1924 skuli ndogo mno kwa hesabu ya wanafunzi wake, ambayo habari zake, kwa rai yangu, zastahili kujulikana na kila ajishughulishaye na malezi ya watoto wasiotimiza umri wa kusoma. Kwani humo ilijaribiwa, kwa dhati na kwa gharama kubwa, fikira ya kwamba mtoto wa miaka mitatu aweza kuingia katika sayansi, si kwa kuhadithiwa mambo yake, bali kwa kuachiwa ayahoji maumbile kwa mikono yake mwenyewe.

Fikira hiyo ilikuwa na asili yake. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha chuo cha watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, alikuwa amekwisha kutumika katika makumbusho ya madini mjini Berlin, naye aliwatungia watoto mipira na michemraba ya mti kwa hesabu ile ile aliyoiona katika fuwele: mchemraba ukining'inizwa kwa uzi na kuzungushwa kwa kasi, sura ya mcheduara hudhihirika ndani yake. Maria Montessori naye, tabibu aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, alitengeneza vyombo vya kuzoeza hisi kwa utaratibu maalumu. Wote wawili wana fadhila kubwa juu ya watoto wa ulimwengu; illa katika vyombo vyao jawabu lilikuwa limekwisha kutiwa kabla mtoto hajakishika chombo.

Malting House ilifuata njia nyingine. Mwenye kuigharimia alikuwa Geoffrey Pyke, mtu aliyepata mali kwa kubahatisha bei za madini katika soko la London, naye alitaka mwanawe mdogo apate malezi yasiyofanana na yale ya skuli alizosomeshwa yeye. Alitoa tangazo, na aliyechaguliwa kuiongoza skuli ni Susan Isaacs, mzaliwa wa Lancashire, mwanamke aliyesoma falsafa na ilmu ya nafsi. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wavulana 10, mdogo wao akiwa na miaka miwili na miezi minane, na mkubwa wao hajatimiza mitano. Walikuta bustani, kuku na panya wa kufuga, misumeno na kerezo, hadubini, majiko ya gesi kama yale ya maabara, na ubao wa kubembea uliofungwa vyuma vya uzani chini yake, ili mtoto aweze kuvisogeza na kutazama ni upande upi utakaoshuka.

Katika kiangazi cha 1925 sungura wa skuli alikufa. Mtoto mmoja alitambua kuwa amekufa kwa kuwa tumbo lake halikupanda wala kushuka; mwingine akasema kwamba babake amemwambia akitiwa majini atahuika. Hapo waalimu wengi wangalimkanusha kwa upole, au wangaligeuza mazungumzo. Bi Isaacs aliwauliza kama wangependa kufanya hivyo waone. Sungura akatiwa majini, akaelea, na maji yalipomzungusha baadhi yao wakadai yu hai, madhali anakwenda. Mwalimu hakubishana nao. Alichukua kijiti akakitia majini, nacho kikazunguka vile vile, na watoto wakakiri wenyewe kwamba kijiti hakina uhai. Kisha wakamzika. Baadaye ikazuka shaka kwamba huenda amekwisha kupaa mbinguni, nao wakafukua kaburi, wakamkuta palepale.

Sijasoma kisa kingine kinachodhihirisha kwa uwazi kama huu kazi ya mwalimu wa sayansi kwa watoto wadogo, kwani kijiti kile kina hoja nzima ya mtaalamu ndani yake, na hakuna aliyehutubiwa. Wako walioona karaha kusikia kwamba watoto wa skuli ile waliruhusiwa kuwapasua wanyama waliokufa ili watazame ya ndani. Bi Isaacs aliwajibu kwa aliyoyashuhudia: kwamba baada ya kutazama maiti za wanyama, watoto walizidi kuwahurumia na kuwatunza wale walio hai.

Kila neno la watoto liliandikwa, na hatimaye makarani wa hati mkato waliajiriwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1927 mali ya Pyke iliteketea sokoni, Bi Isaacs akaondoka, na mwaka 1929 milango ikafungwa. Daftari zilibaki. Kutokana nazo alitoa kitabu chake cha mwaka 1930, ambamo alimpinga kwa adabu Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto aliyekuwa amezuru skuli ile, mintarafu madai yake kwamba akili ya mtoto mdogo haijaweza kufuata sababu na matokeo. Na humo mumewe, Nathan Isaacs, aliongeza risala juu ya maswali ya kwa nini, akibainisha kwamba aghalabu mtoto huuliza pale jambo linapokwenda kinyume cha alivyolitazamia. Mwaka 1933 Bi Isaacs alikabidhiwa idara mpya ya makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha London, ambako aliwafundisha waalimu kwa mifano ya watoto wale wale wa Cambridge.