Mwangwi Kisimani: Shauri la Hataza kati ya Halliburton na Walker, 1946

Pampu ya kisima cha mafuta hufanya kazi vizuri pale tu mwendeshaji anapojua mafuta yamesimama kina gani. Katika miaka ya 1930, wavumbuzi wawili wa Marekani, Lehr na Wyatt, walipata hataza ya kupima kina hicho kwa sauti: mlipuko mdogo hutolewa mdomoni mwa kisima, mwangwi ukarudi kutoka usoni mwa mafuta, na muda ukapimwa. Lakini muda peke yake hautoshi. Kasi ya sauti hubadilika kulingana na aina ya gesi na joto lake, na visima havifanani.

Cranford Walker, aliyepewa hataza mwaka 1939, aliutafutia ugumu huo ufumbuzi mwepesi wa kupendeza. Bomba la kisima huundwa kwa vipande vyenye urefu unaojulikana, na kila kiungio hurudisha mwangwi wake hafifu. Anayehesabu mianga hiyo ya sauti huwa anahesabu mabomba, wala hahitaji kujua kasi. Ili miangwi ya viungio isikike waziwazi, Walker aliongeza mrija uliopimwa urefu uvume sambamba nayo.

Halliburton ilitumia chujio la umeme badala ya mrija. Walker akashtaki, akashinda katika mahakama mbili za chini.

Mahakama ya Juu ilitengua ushindi huo tarehe 18 Novemba 1946. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Hugo Black haikujali sana fizikia. Ilishika maneno ya madai. Katika sehemu iliyokuwa mpya hasa, Walker alitaja kazi ya kifaa bila kueleza umbo lake. Kwa maoni ya Mahakama, dai pana namna hiyo lingewazuia wengine kubuni vifaa tofauti kabisa, navyo huenda vikawa bora. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ilimwadhibu mtu ambaye mrija wake ulikuwa umeelezwa katika maelezo ya hataza ileile.

Sheria ya Hataza ya mwaka 1952 iliruhusu tena dai linalotaja kazi, ila likomee kwenye umbo lililoelezwa na vilivyo sawa nalo. Chini ya kanuni hiyo, shauri la Walker lingegeukia swali jingine: je, chujio la umeme ni sawa na mrija unaovuma?