«Évolué»: neno lililopimia wazee wetu

Leo niko na neno moja tu: «évolué». Mwenye kusoma maandiko ya Wakongo wa miaka ya 1940 na 1950 atalikuta mara nyingi sana.

Kwa Kifaransa njo mtu «aliyekwisha kuendelea». Shida iko hapo: lazima kuwe mwingine wa kupima kama umefika. Na walipima kweli. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilileta carte du mérite civique: ujue kusoma na kuandika, usiwe na wake wawili, usiwe na kesi. Mwaka 1952 ikaja immatriculation, ngumu zaidi. Watu wa tume waliingia mpaka nyumbani, wakaangalia namna mnakaa na namna mnakula. Baba mzima wa watoto, anachunguzwa paka jikoni! Mtaani watu walikuwa na jina lao kwa yeye: muzungu mweusi. Haikuwa sifa.

Neno lilipata kao ndani ya La Voix du Congolais, gazeti lililoanza Léopoldville mwaka 1945, Antoine-Roger Bolamba akiwa mhariri. Wengi waliliandika kwa fahari: sisi ba-évolué tunaomba hiki, tunaomba kile. Lakini mwaka ule ule, Paul Lomami Tshibamba aliuliza humo nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho. Swali tu! Wakubwa wa koloni walimtesa juu yake, na baadaye akavuka mto akaishi Brazzaville. Mimi naona yeye njo alifunua uongo wa neno lenyewe: unaambiwa umefika, ukiuliza umefika wapi, unaadhibiwa. Tena ni yeye aliyeandika Ngando, hadithi ya mamba na pepo wa mtoni, mambo ambayo évolué alitakiwa asahau. Mwaka 1948 ikapewa zawadi huko Bruxelles. Enda uelewe.

Lumumba naye alilibeba. Stanleyville aliongoza chama cha ba-évolué, na immatriculation walimnyima kwanza kabla ya kumpa. Kitabu alichokiandika 1956 na 1957, kilichotoka 1961 akiwa amekwisha kuuawa, bado kinaongea na Ubelgiji kwa upole, sawa mtu anayeomba afunguliwe mlango. Kisha usome hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin: anasalimia Wakongo wote, wapiganaji wa uhuru. Katikati ya maandiko hayo mawili ni miaka mitatu tu. Hakuna tena wa kupimwa.

Kuna andiko lingine ninalolipenda zaidi. Mwaka 1965, Élisabethville, chama cha waliokuwa maboyi wa wazungu kilitoa histori ya mji wao, André Yav akaiandika. Waliiandika kwa Kiswahili, kile chetu cha mji. Watu wa jikoni, wale waliopika na kufua, bila kungoja tume yoyote ije iwape karatasi.

Sisi leo tunajiita «intellectuel». Juzi katika kilio, mzee mmoja aliomba ma-intellectuel wakae mbele kwenye viti vya plastiki. Wengine walibaki nyuma, wamesimama kwenye jua. Nami nilienda kukaa mbele.