Tempura na Kisamvu, Abiria wa Meli Moja

Mtanzania anayefika Tokyo kwa mara ya kwanza hatakosa mwenyeji wa kumwambia aonje tempura: kamba na mboga zilizochovywa kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano, zikakaangwa katika mafuta mengi na kuliwa zingali moto. Ataelezwa kuwa hicho ndicho chakula halisi cha Kijapani. Mjapani anayeshuka Kibaha akaendelea hadi Kisarawe naye atawekewa kisamvu cha nazi na kuambiwa maneno hayo hayo. Hakuna aliyedanganywa, ila wote wawili wamefichwa jambo moja: vyakula hivyo vilipita mikononi mwa Mreno.

Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye Wareno wakaipiga Kilwa. Mwaka 1543 wenzao wakafika Tanegashima, kisiwa cha kusini mwa Japani, na bunduki zao. Wajapani waliiga bunduki upesi, na kwa hao wageni wakajifunza pia kukaanga vitu vilivyovikwa unga. Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa Japani, lakini kikaango kikabaki. Huku kwetu walinyang'anywa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, nao muhogo waliouvusha kutoka Brazili hadi Afrika haukuondoka nao. Kufikia mwisho wa karne ya 18 ulikuwa ukilimwa Unguja.

Hebu kikague kisamvu chenyewe. Majani ni ya mmea wa Brazili. Tui ni la mnazi, uliovuka Bahari ya Hindi na mabaharia kutoka Asia. Karanga, kwa wanaozitia, asili yake Amerika ya Kusini. Cha hapa hapa ni kinu, mchi na subira ya anayetwanga. Kwa maoni yangu hivyo vinatosha.

Mara nyingi kinachogeuza chakula cha mgeni kuwa cha mwenyeji ni njaa. Mwaka 1732 wadudu waliangamiza mpunga magharibi ya Japani na watu wengi wakafa. Waliokuwa na viazi vitamu walipona kwa urahisi zaidi. Viazi hivyo, vyenye asili ya Amerika, vilikuwa vimeingia Okinawa kutoka China mwaka 1605. Msomi aitwaye Aoki Konyo aliandika kuvitetea, na mwaka 1735 akavipanda kwa majaribio Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Wajapani walimpa jina la Mwalimu Kiazi, na kaburi lake liko Meguro, Tokyo, likitunzwa. Hadi leo majira ya baridi wachuuzi hupita mitaani wakiuza viazi vilivyochomwa juu ya mawe ya moto. Ukimtazama anayechoma mihogo jioni pale Maili Moja, Kibaha, utadhani ni biashara ya ukoo mmoja.

Uzaramo, eneo la Kisarawe na Kibaha, nao una ardhi ya kichanga na mvua isiyoaminika. Mpunga na mtama vikikauka, muhogo hungoja ardhini. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilifika hadi huku, na kusini yote njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Waingereza walipotawala walihimiza, penginepo kwa amri, kila kaya iwe na shamba la mihogo la akiba. Muhogo ukaanza kuonekana chakula cha shida. Bado wapo wanaoona haya kumkaribisha mgeni kwa makopa, wakakimbilia kununua wali, ilhali mpunga mwingi tunaoupenda nao umetoka Asia.

Muhogo wenyewe haukukaa kwa amani. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika Usambara ya Wajerumani. Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani huko huko Usambara, mtaalamu H. H. Storey alieleza michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha kiazi kikiwa bado ardhini. Wenzake walichanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake ili kupata mbegu sugu. Kazi hiyo inaendelea Kibaha, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wengi wanakijua kwa miwa tu. Mbegu ya Kiroba, inayostahimili michirizi, imeenea mashamba ya Pwani.

Kibaha ina fundisho jingine, la kuchekesha kidogo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, Norway ikiwemo, na likakabidhiwa serikali yetu mwaka 1970. Norway hiyo hiyo, katika miaka ya 1980, ndiyo iliyowashawishi Wajapani kuweka samaki aina ya samoni mbichi juu ya sushi. Leo mtalii huiagiza akiamini anakula desturi ya kale.

Mwaka 2013 UNESCO iliuweka upishi wa Kijapani kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wenyewe waliutunzia kumbukumbu, hata ya viazi. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zianze basi: ziwatafute bibi wa Maneromango na Mlandizi, ziandike majina ya mihogo yao, jinsi ya kuondoa uchungu wake na mapishi ya kisamvu cha kila kijiji. Wazee hao wapo leo.